Kuipaka Pikipiki Rangi Nyumbani (2): Kilichoko Chini ya Rangi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kufungua: tangi limeshuka, kava za ubavuni zimeshuka, madigadi yote mawili yako chini, na boliti zimo makoponi, kila kundi na kopo lake. Wengi wakifika hapo mkono huanza kuwawasha, kopo la rangi likatikiswa. Lisitikiswe bado. Rangi ya pikipiki mara nyingi huharibikia chini kabla haijaharibikia juu, kwa hiyo makala ya leo karibu yote inahusu hicho cha chini.

Urembo ni kazi ya pili ya rangi. Ya kwanza ni kuzuia maji na hewa visikutane na chuma, maana kutu haizaliwi mpaka vyote viwili viwepo. Chumvi huiongezea kasi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa undani wake ni kazi ya umeme mdogo unaopita juu ya chuma. Ndiyo sababu bodaboda ya Tanga au Unguja huanza kuonyesha madoa mekundu kwenye maungio mapema kuliko ya Dodoma, hata kama zilinunuliwa pamoja.

Sasa, ukipuliza rangi juu ya kutu, hujaiua. Kutu ina vinyweleo. Hushika unyevu na kukaa nao. Tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inapoendelea kula huvimba na kuisukuma rangi kwa nje. Kwanza utaona lengelenge dogo, baadaye ufa, na ufa ukishapatikana maji yana mlango. Fundi atalaumiwa kwamba alitumia rangi mbaya, kumbe rangi haikuwa na kosa.

Kwa hiyo penye kutu, kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka chuma kiwe cheupe. Halafu panda hadi 180, kisha 240, ili kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Pembeni, pale chuma kinapokutana na rangi ya zamani, maliza kwa 320 mpaka kidole kikipita kisisikie ngazi. Penye rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, usiguse zaidi ya ngozi ya juu: msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao ufe, basi. Nawaona vijana wakikwangua tangi zima mpaka chuma, jasho likiwatiririka, na huwa naona ni hasara tupu. Praima iliyookwa tanurini kiwandani ni imara kuliko yoyote utakayoipuliza uani kwako.

Lakini kabla ya msasa, osha. Ukianza na msasa, unaishindilia grisi ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena kirahisi. Adui mkubwa ni silikoni, iliyomo kwenye dawa nyingi za kung'arisha matairi na plastiki ambazo bodaboda wetu wanazipenda. Chembe yake tu ikibaki, rangi mbichi huikimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Tumia maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha futa kwa thina na kitambaa cheupe kisafi, ukikigeuza kila mara. Usifutie petroli. Huacha mabaki ya mafuta, na hatari yake sina haja ya kuieleza.

Au pengine nina haja, kwa sababu tangi linadanganya. Watu huliogopa lililojaa na kulizoea tupu, wakati tupu ndilo baya zaidi. Petroli ya maji haiwezi kulipuka humo ndani. Kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo. Mvuke huo hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto letu. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ulifikie jiko la mkaa lililoko upande wa pili wa ua. Kwa hiyo lioshe ndani kwa maji na sabuni, lirudie, liache wazi nje mahali penye upepo. Hata baada ya hapo, usilipige grenda wala usilipeleke kwa mchomeleaji eti achomelee kipande cha kuvutia bonde. Bonde dogo lijaze kwa fila, tabaka jembamba jembamba, na uisugue kikavu, kwa sababu fila hunyonya maji na kuyatunza. Ifunike kwa praima siku hiyohiyo.

Kama ndani ya tangi kuna kutu, itoe sasa, kabla ya rangi ya nje. Siki iliyolazwa humo siku moja au mbili, pamoja na nati chache za kutikisia, hulainisha nyingi. Ukishaimwaga, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, likaushe upesi na uzungushe mafuta kidogo ya injini ndani, la sivyo kutu mpya hutokea kabla hujala chakula cha mchana.

Plastiki ina tabia zake. Geuza kava na utazame nyuma. Mara nyingi utakuta herufi zilizogongwa, ABS au PP. ABS hupokea rangi bila ubishi. PP ni telezi kwa asili, na rangi ya kawaida itabanduka kama ganda, hivyo inataka praima yake maalumu ya plastiki. Kama hakuna herufi, chonga kijipande kidogo sehemu isiyoonekana ukitie majini: PP huelea, ABS huzama. Kava za injini ni alumini, nazo zinataka praima ya asidi, kwa kuwa alumini ikikwanguliwa hujivika utando mpya papo hapo. Ekzosi achana nayo mpaka upate rangi ya joto kali, ambayo hukomaa kwa moto wa injini yenyewe.

Kupuliza ni kivulini. Chuma kilichochomwa na jua huikausha rangi kabla haijatandaa, uso ukawa na chengachenga. Mvua nayo ina lake: thina inapoyeyuka hupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua juu yake na rangi hugeuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Kwa Dar es Salaam ya masika, ningesubiri. Kopo liwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kifaa, mkono uanze kwenda kabla hujabonyeza, na tabaka la kwanza liwe ukungu tu ambao bado unaona praima kupitia humo. Subiri dakika 10 mpaka 15, halafu la pili. Rangi ikichuruzika usiifute. Iache ikauke kabisa, uisawazishe kwa msasa wa maji namba 600. Wala usikiache kifaa nje siku kadhaa na praima peke yake, maana praima nyingi za kopo hupitisha unyevu.

Bado vanishi. Vanishi ya kawaida ya kopo inatosha kwenye madigadi, lakini tone moja la petroli karibu na mfuniko wa tangi huilainisha. Inayohimili petroli ni ile ya kuchanganya na hadina, na hadina hiyo ina isosianati, kemikali inayoweza kumwachia mpulizaji pumu ya kudumu. Mapafu yakishaikataa, hata kiasi kidogo sana huyafunga. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii chochote. Wenye kazi hiyo huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoishia: paka praima, paka rangi, kisha mpelekee tangi fundi mwenye chumba na vifaa vya kupulizia, umlipe vanishi tu.

Fremu ukiipuliza, ziba kwa tepu namba ya chesisi, isije ikazama chini ya rangi. Na kama umebadilisha rangi, kumbuka kwamba kadi ya usajili nayo huandika rangi. Askari wa barabarani atatazama vyote viwili.

Wiki ijayo: rimu na spoki.