Mwana wa Mirongo Safarini Ulaya: Wajibu wa Mzazi Aliyebaki Nyumbani

Wazee wetu walipomsindikiza msafiri walimsomea Fatiha, wakamkabidhi kwa Mwenyezi Mungu, kisha wakarejea nyumbani kungoja. Kungoja huko kulikuwa kuzito. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Alipokuwa Damascus mwaka 1348 ndipo alipoambiwa kwamba babaye alikwisha kufariki miaka 15 kabla ya siku ile. Mwaka uliofuata akakaribia kwao, akapata habari kuwa mamaye naye amechukuliwa na tauni. Alikuwa ameona nusu ya dunia, na wazazi wake hawakupata kusikia hata neno moja la aliyoyaona.

Leo mambo yamegeuka. Mzazi aliyeketi barazani Mirongo, katikati ya mji wa Mwanza, aweza kumwona mwanawe akitembea katika barabara za Ulaya dakika ile ile anapotembea. Basi swali la zamani lilikuwa, "Yu hai?" Na swali la leo ni gumu zaidi: mzazi aliyepewa uwezo wa kumwona mwanawe kila saa autumieje uwezo huo? Twaliuliza kwa sababu limetufikia nyumbani kwetu. Kijana wetu, mwanafunzi wa mambo ya maji na mazingira, alipata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika mji wa Tampere, nchi ya Finland, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba.

Miji iliyofunga udugu

Si wakazi wote wa Mwanza wanaojua kwamba mji wao una ndugu wawili Ulaya. Würzburg wa Ujerumani umefunga udugu nasi tangu mwaka 1966, na Tampere tangu mwaka 1988. Tena Tampere yafanana na kwetu kwa namna ya kushangaza. Imekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na kati ya maziwa hayo mto Tammerkoski huteremka kwa kasi, kiasi cha mita 18, katikati ya mji. Maji hayo ndiyo yaliyozungusha mitambo ya kiwanda cha pamba kilichoanzishwa na Mskoti James Finlayson mwaka 1820. Sisi watu wa Usukumani hatuhitaji kuelezwa pamba ni nini.

Ama kuhusu gharama, jamaa wengi waliogopa. Yafaa ieleweke kwamba kusoma muhula mmoja ng'ambo si sawa na kwenda kuchukua shahada nzima. Katika mipango ya kubadilishana wanafunzi, kama ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+, ulioanza mwaka 1987 kwa jina la Erasmus, chuo kinachompokea mwanafunzi hakimtozi ada ya masomo. Mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake cha nyumbani, na alama zake humfuata huko. Ikiwa atakaa zaidi ya siku 90, huhitaji kibali cha ukaaji wa masomo. Kibali hicho humruhusu pia kuzitembelea nchi nyingine za mkataba wa Schengen, ambazo tangu mwanzo wa mwaka 2025 ni 29, maadamu safari zake hazizidi siku 90 katika kila siku 180. Mzazi na ayajue haya, asije akamtuma mwanawe kuzuru jamaa akamtia katika kosa la sheria.

Hofu ya bibi yake

Bibi yake kijana hakuihofia baridi. Alinunua koti zito katika mitumba ya Mlango Mmoja, akasema koti hilo limetoka Ulaya na sasa lina kwao pa kurudi. Hofu yake ilikuwa nyingine: kwamba kijana atakwenda na asirudi, au atarudi mwili wake tu.

Hofu hiyo haikosi sababu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yetu. Huko akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alifunga safari kurudi nyumbani pamoja na mkewe, lakini wakuu wa serikali ya kikoloni hawakumruhusu kushuka pwani akiwa na mke mzungu. Akageuza, akaishi Ujerumani hadi alipofariki mwaka 1927. Lakini upo na mfano mwingine, wa huku huku kando ya ziwa. Julius Nyerere wa Butiama alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada yake mwaka 1952, na nchi nzima ikafaidika. Basi kwenda ng'ambo peke yake si hasara wala faida. Tofauti iko katika kamba inayomfunga mtu na kwao, na katika mlango atakaoukuta siku ya kurudi, kama uko wazi au umefungwa.

Kufuatilia si kupeleleza

Mjomba wake, kwa nia njema, alishauri tutie katika simu ya kijana ule mpango uonyeshao mahali alipo mtu usiku na mchana. Tulikataa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametukataza kupelelezana, na wala hakuna aya iliyotuambia kwamba mtoto aliyekwisha baleghe hana sitara. Tena tulijiuliza: kijana anayejua kuwa anatazamwa na babaye, atamwogopa nani siku simu itakapozimika? Anayejua kuwa Mola wake humwona haachi kuonwa hata gizani.

Badala yake tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, kila Ijumaa baada ya sala atatuandikia barua ndefu kwa simu, si picha tupu. Pili, kabla ya kila safari atatuambia mji, siku, na mahali pa kulala. Tatu, nasi tutamjibu kwa barua, wala hatutamwita akiwa darasani. Mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa ya Tampere na ya Mwanza ni moja. Baada ya hapo wao hurudisha saa nyuma, wakawa nyuma yetu kwa saa moja. Jambo dogo, lakini mzazi asiyelijua humwamsha mwanawe alfajiri kisha akalalamika kuwa kijana amekuwa mkali.

Barua yake ya kwanza ilianza, "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," ikafuata habari ya sala. Sisi wa Mwanza, tulio karibu na Ikweta, jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Tampere si hivyo. Katika mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa 10 alfajiri na kuchwa baada ya saa 5 usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza yapata saa 3 na dakika 40 asubuhi na kuchwa yapata saa 9 alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana ndani ya muda usiofika saa tatu. Akatuuliza afanye nini akiwa darasani. Hatukumjibu kwa haraka. Tulimwendea mwalimu wetu, tukafungua vitabu, nasi tukajifunza mambo ambayo tungekufa bila kuyajua. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba mzazi anayemfuata mwanawe kwa kweli humfuata kwa kusoma pamoja naye.

Hata habari ya Waislamu wa nchi ile ilitufikia kwa njia hiyo. Tulidhani atakuwa mgeni peke yake, kumbe Finland ina Watatari, Waislamu waliofika huko tangu mwishoni mwa karne ya 19, wengi wao wafanya biashara. Jumuiya yao ilisajiliwa rasmi na serikali mwaka 1925. Ni watu wachache katika bahari ya watu wengine, na hata hivyo wamehifadhi dini yao na lugha yao hata leo. Bibi yake alipoyasikia haya aliuliza, "Wamewezaje?" Kijana akajibu kwamba, kama alivyoona yeye, siri ni moja: wazee wao hawakuchoka kuwafundisha watoto nyumbani.

Safari tatu

Oktoba alivuka bahari kwa meli kutoka Helsinki hadi Tallinn, mji wa Estonia, mwendo wa saa mbili tu. Desemba, mitihani ilipokwisha, alikwenda Würzburg kuuona mji ule mwingine ulio ndugu yetu. Mji huo uliteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 16 Machi 1945, kisha ukajengwa upya. Ndimo Wilhelm Röntgen alimogundua ile miale ya eksirei mwaka 1895. Kila mgonjwa anayepigwa picha ya kifua Bugando au Sekou Toure hufaidika na kazi ya mtu yule. Katika duka la samaki la Ujerumani alikuta minofu ya sangara. Wajerumani humwita samaki huyo kwa jina la ziwa letu, Viktoriabarsch. Akatuandikia kwamba alisimama akamtazama kama mtu aliyekutana na jirani.

Ujerumani huko huko ndiko lilikotupata jaribu. Katika kituo kimoja cha treni mfuko wake uliibwa, na simu ndani yake. Usiku mmoja na nusu ya siku hatukusikia neno. Mamaye hakulala. Lakini tulikuwa na jina la mahali alipolala na namba yake, nasi tukapiga. Yeye naye alikuwa na karatasi ya namba zetu aliyoshonewa na bibi yake ndani ya lile koti la Mlango Mmoja, na hati ya kusafiria alikuwa nayo kifuani. Alikwenda polisi akaandikiwa taarifa ya wizi, kisha mwanafunzi mwenzake akamwazima simu. Wazazi wote na wajue: nakala ya hati ibaki nyumbani, na namba za ubalozi ziandikwe karatasini. Balozi zetu ziko Berlin kwa Ujerumani, na Stockholm kwa Finland na jirani zake.

Safari ya tatu ilikuwa Córdoba, Hispania. Huko uko msikiti mkubwa ulioanzwa kujengwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, wenye nguzo zaidi ya 800. Mji ulipotekwa mwaka 1236 msikiti ukageuzwa kanisa, na ni kanisa kuu hata leo. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Kijana alituletea maneno kwa sauti, na sauti yake ilikuwa nzito. Tulimjibu: "Mwanetu, usiyalilie mawe peke yake. Kumbuka kuwa karibu na mji huo ndiko alikotoka az-Zahrawi, bingwa wa upasuaji, ambaye kitabu chake madaktari wa Ulaya walikisoma kwa karne nyingi. Msikiti waweza kuchukuliwa, lakini elimu iliyofundishwa haichukuliki. Uliza ni kwa nini sisi tuliiacha."

Swali alilotuletea

Naye hakutuacha na swali letu. Katika barua yake ya mwisho aliandika habari za Tammerkoski. Maji yale yaliyoendesha viwanda yalichafuliwa kwa miaka mingi, na maziwa ya Tampere yaliharibiwa na uchafu wa viwanda vya karatasi katika karne ya 20. Kisha watu wakatunga sheria, wakajenga mitambo ya kusafisha maji machafu, na hali ya maziwa ikawa njema. Halafu akauliza: "Baba, Mama, mto wetu Mirongo unapita mlangoni petu na kuingia ziwani. Dini yetu ndiyo inayotutaka tutawadhe mara tano kwa siku, na Mtume wetu s.a.w. ametukataza kuchafua maji. Imekuwaje mto wa watu wasiotawadha ukawa safi, na wetu ukabeba taka?"

Tulilisoma swali hilo mara tatu. Hatukuwa na jibu la kumpelekea kwa simu. Tuliwaita vijana wa mtaa na wazee wachache, tukalisoma mbele yao. Wengine walinuna. Wengine walikubali kwamba mtu hawezi kumlaumu mwenye kiwanda hali yeye mwenyewe hutupa taka mtoni usiku. Kijana aliporudi alikuta kikundi kidogo kimekwisha anza kuzungumza juu ya mahali pa kutupia taka. Si jambo kubwa. Lakini alikuta swali lake limepokewa, na hiyo kwa msafiri ni makaribisho makubwa kuliko pilau.

Basi, ndugu wasomaji, wazazi na vijana, tumejifunza hivi. Mzazi asimfuate mwanawe ng'ambo kama askari amfuataye mshtakiwa, wala asimwache kama ng'ombe aliyepotea. Amfuate kwa dua na kwa elimu. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba miongoni mwa dua zisizorudishwa ni dua ya mzazi kwa mwanawe na dua ya msafiri. Kwa hiyo kamba imefungwa pande zote mbili: mmoja anaomba Mirongo, na mwingine anaomba huko aliko. Nawe kijana uliyeko ng'ambo, usiwapelekee wazazi wako picha za majumba tu. Wapelekee maswali. Nanyi mliobaki nyumbani, siku swali hilo litakapofika, msilichukie kwa kuwa limetoka kwa mdogo wenu. Huenda ndilo zawadi bora kuliko zote alizowachukulia.