Namba ya penseli inayoipa thamani picha ya shujaa wa michezo

KINDU, MANIEMA – Msimu wa 2024/25 klabu ya AS Maniema Union ya Kindu ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Ilipangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini pamoja na Raja Casablanca na AS FAR za Morocco. Novemba 2024 iliilazimisha Sundowns sare ya 0-0 mjini Pretoria.

Hata hivyo, mechi zake za nyumbani zilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kindu. Mji ulioizaa timu haukuiona ikicheza mechi zake kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kumbukumbu ya msimu huo inategemea picha, na picha hazidumu zenyewe.

Katika miji mingi ya Kongo, sura za wanamichezo huchorwa kwenye kuta za baa, vibao vya vinyozi na magari ya abiria. Ni sanaa ya wote, lakini maisha yake ni mafupi. Mvua huifuta, na mwenye nyumba akibadili biashara huipaka rangi mpya. Mchoraji hulipwa mara moja tu, kisha kazi inapotea.

Wasanii wa mitaani wa Ulaya na Marekani walipata njia ya kuikwepa hasara hiyo kwa kuchapa nakala chache zenye namba. Wengi hutumia uchapaji unaojulikana na kila fundi wa fulana za kampeni: wino husukumwa kupitia kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, rangi moja baada ya nyingine. Msanii hutia saini kwa penseli na kuandika, kwa mfano, 17/100, yaani nakala ya 17 kati ya 100. Toleo likikamilika, kitambaa huoshwa na picha kufutwa, ili nyingine zisichapwe.

Hapo ndipo thamani ilipo. Mkusanyaji hanunui karatasi na wino peke yake. Ananunua ahadi kwamba haitachapwa ya 101.

Mfano maarufu ni wa Mmarekani Shepard Fairey. Mwaka 1989, akiwa mwanafunzi wa sanaa mjini Providence, alitengeneza stika yenye uso wa mwanamieleka Mfaransa André the Giant na kuibandika mitaani. Baadaye kampuni iliyodai haki ya jina hilo ilitishia kumshtaki, naye akaubadili uso huo kuwa nembo ya OBEY. Leo nakala zake za namba husakwa na wakusanyaji duniani. Kisa hicho kina somo: sura ya mwanamichezo ina mwenyewe, na picha iliyotumika kuichora ina mpiga picha wake.

Kongo nayo ina historia katika soko hili. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa lilipangwa kufanyika Septemba 25, 1974. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini na pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, siku ambayo Ali alishinda raundi ya nane. Mabango yaliyochapwa mapema yalibaki na tarehe ya Septemba. Tarehe hiyo iliyopitwa na wakati ndiyo inayowavutia wakusanyaji.

Mwaka huohuo Moke, mchoraji wa maisha ya mitaa ya Kinshasa, alilichora pambano hilo. Mchoro wake ulionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo. Moke alikuwa amefariki mwaka 2001.

Kwa anayetaka kuanza kukusanya, mambo ya kukagua si mengi. Saini na namba ziwe za mkono, si za kuchapwa. Kioo cha kukuza kikionyesha vitone vidogo vya rangi mchanganyiko, huenda ni nakala ya mashine ya kawaida. Wino wa kitambaa hukaa kama tabaka nzito. Herufi E.A. humaanisha nakala ya msanii mwenyewe, inayohesabiwa nje ya toleo. Risiti na jina la mchapaji zihifadhiwe pamoja na picha.

Katika hali ya hewa ya Maniema, adui mkubwa ni unyevu. Karatasi isigusane na kioo wala ukuta, isibandikwe kwa gundi au selotepu, na isipigwe na jua.

Mchoraji wa Kindu akitaka kuhifadhi msimu ule wa 2024/25, vifaa si kikwazo kikubwa: fremu, kitambaa, wino na karatasi nzuri. Kilicho kigumu zaidi ni ridhaa ya wachezaji na klabu, pamoja na daftari linaloonyesha kila nakala ilimwendea nani. Akichapa 50, ziwe 50. Akiongeza kwa siri baada ya wateja kuongezeka, atakuwa amewaibia walionunua mwanzo, na namba yake ijayo haitaaminiwa na mtu.