Jina la Tatu na Asili ya Mtu katika Ugogo

Katika daftari za shule, za kanisa na za serikali, mtu wa Dodoma huandikwa kwa majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la babu yake. Hilo la tatu ndilo liitwalo jina la ukoo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa katika Ugogo jina hilo mara nyingi si la ukoo hata kidogo, na ya kuwa mtafiti alitegemeaye peke yake hukosa njia, hasa akitafuta asili ya watu waliotokana na makabila mbalimbali.

Tuanze na jina la mahali, maana kosa ni lile lile. Kikuyu ni sehemu ya mji wa Dodoma, nayo leo ina kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa mwaka 2007 penye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Mgeni akilisikia jina hilo aweza kudhani ya kuwa Wakikuyu wa Kenya walipata kukaa hapo. Lakini dhana hiyo haina msingi ila sauti tu. Mkuyu ni mti ujulikanao na Wabantu wengi, na jina la Wakikuyu wenyewe huhusishwa na mti huo. Majina mawili yaweza kuchipuka penye mti wa namna moja, na wenyeji wa huku wasijuane na wenyeji wa kule. Kufanana kwa majina, basi, ni swali la kuulizwa, si jibu.

Katika Kigogo ukoo huitwa mbeyu, neno ambalo ni moja na mbegu ya Kiswahili. Mtu huirithi mbeyu kwa baba yake. Pamoja nayo hurithi muzilo, yaani kitu ambacho watu wa ukoo huo hujiepusha nacho. Hapa tena Kiswahili kina ndugu yake, mzio, ila sauti ya l imedondoka katikati. Mbeyu na muzilo haviandikwi katika daftari, lakini ndivyo vibebavyo habari za asili. Mathias Mnyampala alizikusanya habari za namna hiyo katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotolewa mwaka 1954. Na Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapwa mwaka 1969, alionyesha jinsi koo nyingi za Wagogo zinavyosimulia kuwa zilitoka kwa majirani: Uhehe, Ukimbu, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Hata jina la Wagogo husimuliwa kuwa walipewa na wapagazi wa Kinyamwezi, kwa ajili ya magogo yaliyokuwa kando ya njia.

Sababu za mchanganyiko huo zaeleweka. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, kutoka pwani hata Unyanyembe na Ujiji, ilipita katika Ugogo, na watemi wa huko walitoza hongo kwa wapitao. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Baadaye ikaja njaa kubwa iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920, iliyowaondoa watu wengi makwao na kuwaua wengi. Reli ya kati iliwaleta wageni wengine, na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ukaongeza wengine zaidi.

Sasa tulitazame jina la tatu lenyewe. Tuseme yupo mtu aitwaye Petro Chiwanga Ndahani. Akifuata desturi, mwanawe ataitwa Yohana Petro Chiwanga, na Ndahani ametoweka. Lakini nduguye Petro ameamua kulishika jina la Ndahani na kuwapa watoto wake wote. Basi watoto wa ndugu wawili, wenye mbeyu moja na muzilo mmoja, wanasoma shule moja kwa majina mawili yasiyokaribiana. Tena karani aliyetoka mkoa mwingine aweza kuandika r penye l, au ch mahali ambapo wenyewe huandika c, kama katika jina la Malecela. Na mtu mmoja akawa wawili katika karatasi.

Hata maana ya jina haitoshi. Mazengo, jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi, lakumbusha kitenzi cha Kigogo kuzenga, yaani kujenga. Lakini maana hiyo haituelezi ukoo wake. Mnyampala nalo lakaribiana na mnyampara, cheo cha wakuu wa misafara ya Kinyamwezi, ambacho Kiswahili kimekifanya mnyapara, msimamizi wa kazi. Yeyote akutanaye na jina la namna hii na ajiulize: je, babu alikuwa na cheo hicho? Au alitaniwa tu? Au mtoto alipewa jina la mtu aliyeheshimiwa? Ni jibu la kwanza tu ambalo lingegusa njia ya misafara, na hata hilo halithibitishi ya kuwa mtu huyo alikuwa Mnyamwezi.

Tatizo hili si la Ugogo peke yake. Huko Minnesota, Marekani, wafanyabiashara wa ngozi wenye asili ya Kifaransa walioa wanawake wa Kidakota. Joseph Renville, aliyefariki mwaka 1846, baba yake alikuwa Mfaransa wa Kanada na mama yake Mdakota. Naye alisaidia kuifasiri Biblia kwa Kidakota. Jina Renville ni la Kifaransa tupu, na anayelisoma hamwoni mama ndani yake. Kule jina la baba lilikaa imara na kumfunika mama. Huku jina la baba lenyewe huhama kila kizazi, na mama hatajwi popote.

Kwa hiyo mtafiti wa asili hana budi kuuliza mambo manne: mbeyu ya baba na muzilo wake, mbeyu ya mama, mahali walipozikwa mababu, na jina alilokuwa nalo babu kabla ya kubatizwa au kuandikishwa. Aulize kwa adabu, maana wako waliopokewa wakati wa njaa wakapewa mbeyu ya wenyeji wao, na ukarimu huo haukufanywa ili uje ufichuliwe hadharani. Daftari zitadumu, wazee wazijuao mbeyu hawatadumu. Jina la tatu litaendelea kuandikwa, na tusipouliza sasa, wajukuu watadhani ya kuwa hilo ndilo ukoo wao.