Kasi ya fimbo ya gofu huanzia miguuni

Kasi ya fimbo ya gofu hupimwa kwenye kichwa chake, wakati ule kinapougonga mpira. Kwa wanaume wanaocheza gofu ya kulipwa Marekani, kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, huenda kwa wastani wa kilomita 185 hivi kwa saa. Wanawake wa kiwango hicho hukaribia 150, na mwanamume wa kawaida anayecheza wikendi huwa papo hapo. Washindani wa kupiga mbali tu, wasiojali mpira utaingia shimoni lini, huvuka 220. Kila kilomita ya ziada huupeleka mpira mita moja na nusu hivi zaidi, mradi umegongwa katikati ya uso wa fimbo. Ndiyo maana mchezaji wa kulipwa humwacha mwenzake wa wikendi nyuma kwa mita 50 kabla mchezo haujanoga.

Wengi wanapoulizwa tofauti hiyo inatoka wapi, hunyoosha kidole kwenye mikono. Hesabu hailikubali jibu hilo. Kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi, na safari yake ya kushuka, kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira, huchukua robo ya sekunde. Kukitoa kichwa hicho kwenye utulivu hadi kilomita 185 kwa saa katika muda huo kunahitaji zaidi ya wati 1,000, na hapo uzito wa mikono yenyewe na mpini haujahesabiwa. Alastair Cochran na John Stobbs walilichambua jambo hili katika kitabu walichokitoa mwaka 1968 baada ya utafiti wa miaka kadhaa Uingereza, na wakaonyesha kwamba misuli ya mikono haiwezi kutoa nguvu kama hiyo peke yake. Lazima itoke kwenye misuli mikubwa zaidi, na misuli mikubwa ya binadamu iko mapajani, makalioni na mgongoni. Mikono ni njia ya kupitishia tu.

Mwili uliweza kazi hii zamani sana kabla ya gofu kubuniwa. Anayeshuka kutoka Kiserian na Kona Baridi kuelekea Magadi hupita Oltepesi, kati ya migunga na vumbi jeupe, na jirani yake kuna Olorgesailie, kituo cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ambacho Louis na Mary Leakey walianza kukichimba katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yametapakaa hapo kwa mamia, na mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu la binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka 900,000 iliyopita. Kufikia wakati huo, maumbile yanayomwezesha mtu kurusha kitu kwa kasi yalikuwa yamekwisha kukamilika. Mtafiti Neil Roach na wenzake waliandika mwaka 2013 kwamba mambo matatu ndiyo yanayomtenga binadamu na sokwe hapa: kiuno kirefu kinachozunguka bila kuburuta nyonga, bega linaloelekea pembeni badala ya kuelekea juu, na mfupa wa juu wa mkono usiojisokota sana. Kwa maoni yao, yote matatu yalikutana kwa mara ya kwanza kwa Homo erectus, karibu miaka milioni mbili iliyopita. Sokwe dume ana nguvu nyingi sana, lakini akirusha kitu hakizidi sana kilomita 30 kwa saa. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyefundishwa vizuri humshinda mara tatu.

Leo, katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, ufundi huo unaonekana wazi kabisa kwenye rungu. Tangu mwaka 2012 morani wa eneo la Amboseli wamekuwa wakishindana huko Kimana katika michezo inayoitwa Olimpiki za Wamaasai, iliyoanzishwa ili sifa ya ushujaa itafutwe uwanjani badala ya kwenye uwindaji wa simba, na mwanariadha David Rudisha akawa mlezi wake. Pamoja na mbio na kuruka juu, kuna kurusha mkuki na kurusha rungu. Morani anayerusha vyema hasukumi kwa mkono. Hupiga hatua, mguu wa mbele ukakita chini, nyonga zikageuka, kifua kikafuata, bega likafuata, kiwiko, na mwishowe rungu lenyewe, ambalo uzito wake umewekwa kusudi kichwani. Julius Yego hufanya vivyo hivyo kwa mkuki, na mwaka 2015 kule Beijing mpangilio huo ulimpa mita 92.72 na ubingwa wa dunia.

Gofu si kurusha, na haifai kuufananisha mchezo mmoja na mwingine kupita kiasi. Mrushaji hulivuta bega nyuma mpaka kano zake zikaze, kisha huliachilia, na mkono wake wa juu huzunguka kwa nyuzi zinazofika 9,000 kwa sekunde. Mcheza gofu ameshika fimbo kwa mikono miwili na hawezi kulifungua bega namna hiyo. Kinachofanana ni utaratibu: kiungo kikubwa na kizito huanza, hupunguza mwendo, na kasi yake humwagikia kiungo chepesi kinachofuata.

Utaratibu huo huanzia ardhini. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia, fimbo ikiwa bado inapanda, uzito wake huhamia mguu wa kulia; kabla fimbo haijafika kileleni, tayari ameanza kuukandamiza mguu wa kushoto. Vibao vya kupimia kani vinaonyesha kwamba mchezaji hodari huisukuma ardhi kwa kani inayozidi uzito wake mwenyewe, na ardhi humsukuma vilevile kwenda juu. Msukumo huo ndio unaoigeuza nyonga. Baadhi ya wachezaji, Justin Thomas akiwa mfano unaotajwa sana, huondoka kabisa kwenye visigino wakati wa kugonga mpira. Thomas ana urefu wa mita 1.78 na mwili mwembamba, na bado hupiga mbali kuliko majitu kadhaa. Tafiti nazo zimekuwa zikirudia matokeo yale yale: anayeruka juu zaidi akiwa amesimama, na anayetupa mpira mzito mbali zaidi kwa kuzungusha kiwiliwili, kwa kawaida ndiye mwenye fimbo ya kasi.

Ndiyo sababu pia mahali pa kusimama pana umuhimu wake. Mguu ukiteleza, kani inayopaswa kupanda mwilini huishia kwenye vumbi. Viatu vya gofu vina meno chini kwa kazi hiyo. Kwenye kiwanja cha mji wa soda wa Magadi, ambako jua na chumvi haviziachi nyasi zistawi, mchezaji hugundua haraka kwamba nyasi za Karen, Nairobi, zilikuwa zikimsaidia kuliko alivyodhani.

Kutoka ardhini kasi hupanda hadi kiunoni, na hapa pana jambo ambalo wachezaji wengi wa wikendi hawalipati. Fimbo ikiwa juu, mabega ya mchezaji wa kulipwa yamegeuka nyuzi 90 hivi huku nyonga zikiwa zimegeuka nusu yake. Jim McLean, mwalimu wa gofu wa Marekani, aliieneza mwaka 1992 hoja kwamba pengo hilo kati ya mabega na nyonga ndilo ghala la kasi. Uchunguzi wa baadaye uliongeza kwamba ukubwa wa pengo pale juu si kitu kikubwa sana. Kinachohesabika zaidi ni jinsi linavyopanuka kidogo mwanzoni mwa kushuka, nyonga zikianza kurudi mbele wakati mabega bado yanamalizia kwenda nyuma. Msuli ulionyooshwa kwa haraka na kukazwa papo hapo hutoa nguvu zaidi kuliko msuli ulioanza ukiwa umetulia. Mtu akigeuza mabega na nyonga kwa pamoja, kana kwamba vimefungwa kamba moja, hakuna kinachonyooshwa.

Baada ya kiwiliwili huja mikono, na baada ya mikono, vifundo. Cochran na Stobbs waliieleza fimbo na mikono kuwa pendulumu mbili zilizounganishwa kwenye kifundo cha mkono. Katikati ya safari ya kushuka, fimbo na mkono wa kushoto huwa bado vimepinda pembe mraba au chini yake. Pembe hiyo ikidumu, uzito wa kichwa hukaa karibu na mwili na mzunguko mzima huwa mwepesi kuharakisha. Ikifunguka mwishoni, kichwa huchomoka kuelekea nje na kumaliza safari kwa kasi ambayo viganja havikuwahi kuwa nayo, kwani viganja vyenyewe havizidi kilomita 40 hivi kwa saa. Vipimo vinaonyesha hata kwamba mikono hupungua mwendo kabla tu ya kugonga mpira. Huko si kulegea. Nishati yake imekwenda kwenye fimbo.

Anayeanza kucheza hufanya kinyume. Huikunjua pembe mapema, fimbo ikiwa bado juu, kisha hukusanya nguvu zote kwa ajili ya sekunde ya kugonga. Lakini mpira na fimbo hugusana kwa nusu ya elfu moja ya sekunde, na nguvu inayotafutwa wakati huo imekuja baada ya soko kufungwa. Kushika fimbo kwa mkazo mwingi huharibu vilevile, maana kifundo kilichokakamaa hakiwezi kuachia chochote. Makedi, wale wanaowabebea wachezaji fimbo, huligundua hili bila kusoma fizikia, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia huko, kwenye ukedi.

Kuna sehemu ambayo mazoezi hayawezi kubadilisha sana. Mikono mirefu huchora duara kubwa, na kichwa kilicho mbali na mhimili huenda kasi zaidi kwa mzunguko uleule. Nyuzi za misuli nazo ni za aina mbili, za kasi na za ustahimilivu, na uwiano wake mtu huzaliwa nao kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo urefu haujawahi kuwa hukumu ya mwisho: Rory McIlroy ana takriban mita 1.75, sawa na Yego, na amekuwa akiongoza au kukaribia kuongoza orodha ya wapiga mbali kwa miaka mingi. Umri wa kuanza unaonekana kuwa na uzito wake. Jack Grout, aliyemfundisha Jack Nicklaus utotoni, alimwambia apige kwa nguvu kwanza, kunyoosha kungekuja baadaye. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza akiwa mtoto kwa fimbo moja tu ya chuma kwenye mchanga wa pwani ya Pedreña nchini Uhispania.

Fimbo yenyewe huongeza kidogo. Mpini mrefu unapanua duara, lakini kanuni zimeweka kikomo cha inchi 48, na tangu mwaka 2022 mashindano makubwa ya kulipwa yanaweza kukishusha hadi 46. Kichwa chepesi huenda kasi zaidi ila hugonga kwa uzito mdogo, kwa hiyo watengenezaji wamekaa kwenye gramu 200 kwa miongo kadhaa sasa. Kubadilisha mpini huleta kilomita chache. Muuzaji wa fimbo husema nyingi.

Mwinuko, ambao wachezaji wa Nairobi huupa sifa, hauigusi kasi ya fimbo kwa kiasi cha maana. Unaougusa ni mpira. Kwenye mita 1,700 hivi za Muthaiga hewa ni nyepesi, na mpira husafiri karibu asilimia 6 zaidi kuliko kwenye usawa wa bahari. Mpigo wa mita 220 wa Muthaiga hupungua kwa zaidi ya mita kumi pale Nyali, ingawa joto la Mombasa hurudisha chache. Mchezaji huyo hajapoteza kasi yoyote njiani. Magadi, kwenye mita 600 hivi tu, iko katikati, na joto lake lina faida moja ya kweli: misuli yenye joto hujikunja haraka, jambo ambalo asubuhi ya Julai huko Karen hulithibitisha kinyume chake.

Kasi inaweza kuongezwa. Kunyanyua vyuma kwa miguu na mgongo, kuruka, na kupiga fimbo nyepesi kuliko kawaida ili mfumo wa neva uzoee mwendo wa haraka ndizo njia zinazotumika zaidi. Bryson DeChambeau alijiongezea kilo nyingi za misuli kati ya mwaka 2019 na 2020, akawa kinara wa umbali na kushinda U.S. Open ya 2020. Mwaka 2022 akafanyiwa upasuaji wa mkono. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi kwa wacheza gofu kwa jumla, kwa sababu pengo lile kati ya nyonga na mabega hulipwa na pingili zake. Mtu akizeeka, nyuzi za misuli za kasi ndizo hupungua kwanza, na nyonga hukaza. Wazee wanaobaki na kasi nzuri mara nyingi ni wale wanaokiacha kisigino cha mguu wa mbele kiinuke wakati fimbo inapokwenda nyuma, ili nyonga na mabega vigeuke pamoja zaidi. Hupoteza sehemu ya lile pengo, lakini hupata safari ndefu ya kukusanyia mwendo, na mgongo hautozwi sana.