Mzazi na Mtoto Katika Darasa Moja

Watu wengi wakisikia habari za kisomo cha watu wazima huwaza darasa la jioni lenye wazee watupu, na wakisikia habari za shule huwaza watoto watupu. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni kisomo cha jamaa, yaani mzazi na mtoto wake kuja mahali pamoja, kila mmoja akafundishwa kwa kadiri yake, kisha wote wawili wakasoma na kuandika kwa pamoja. Kusudi la makala haya ni kueleza njia hiyo, faida zake, na jambo ambalo, lisipoangaliwa mapema, laweza kuivunja.

KWA NINI PAMOJA?

Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa katika Kenya, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Lilikuwa jambo la furaha kubwa. Lakini uchunguzi wa serikali uliofanywa nchini kote mwaka wa 2006 ulionyesha ya kuwa, katika kila watu wazima 100, karibu 38 hawakuweza kusoma na kuandika vya kutosha. Basi zilikuwako nyumba nyingi ambamo mtoto ajua kusoma na mzazi hajui, na nyumba za namna hiyo zingaliko.

Tuangalie hali ya nyumba kama hiyo. Barua ya shule yaletwa na mtoto, na mtoto ndiye anayeisoma. Ikiwa barua yasema mzazi aitwa na mwalimu kwa sababu mtoto ametoroka masomo, je, itasomwa yote? Mama apewa dawa hospitalini, na juu ya bahasha imeandikwa 1 x 3. Asipojua ya kuwa maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, aweza kumpa mgonjwa vidonge vitatu kwa mara moja. Mkulima apeleka maziwa au majani chai kupimwa, naye apewa karatasi ya kilo asiyoweza kuisoma. Tena tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, fedha za watu wengi zimo katika simu, na mzazi asiyesoma hulazimika kumtajia mtoto, au hata mwenye duka, namba yake ya siri. Hivyo mtoto amekuwa macho ya nyumba, na mzazi amekuwa kama mgeni katika mambo yake mwenyewe.

Mtoto naye hupata hasara. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika shule zote za nchi mwaka wa 2019, huwataka wazazi washirikiane na walimu katika kazi za watoto. Mtoto ambaye hakuna wa kumtazamia daftari lake aweza kudhani ya kuwa vitabu ni mambo ya shule tu, na akitoka shuleni huviacha huko huko.

NJIA HII SI NGENI

Jambo la kuwafundisha watu wa nyumba moja kwa pamoja halikuanza leo. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka wa 1925, iliwapokea walimu pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa hapo katika nyumba ndogo ndogo, na wake zao pia wakapewa mafunzo. Wenye shule hiyo walifahamu ya kuwa mwalimu akibadilika peke yake, naye nyumbani kwake mambo yakibaki vile vile, kazi yake itakuwa nusu.

Mwaka wa 1979 serikali ya Kenya ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma, na Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Madarasa mengi ya ngumbaru yakafunguliwa chini ya miti, makanisani na shuleni.

Wako pia wazee waliofanya kwa hiari yao wenyewe jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani. Mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Eldoret. Naye Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, katika Nandi, aliyekuwa mkunga kwa miaka mingi, aliingia shule akiwa anakaribia miaka 90, akasoma pamoja na watoto wa wajukuu wake. Alifariki mwaka wa 2022. Habari za wawili hawa zatuonyesha ya kuwa umri si kizuizi. Lakini si kila mzazi awezaye kuvaa sare ya shule na kukaa kutwa darasani. Wengi wana mashamba, mifugo na vibarua. Kwa ajili ya hao, darasa lapasa kuyafuata maisha yao.

NAMNA YA KUPANGA

Kwanza, wazazi wenyewe waulizwe siku na saa. Darasa lililopangwa na mwalimu peke yake mara nyingi huangukia siku ya soko, au saa ya kukamua ng'ombe. Katika majira ya kupanda na ya kuvuna ni afadhali kupunguza siku kuliko kuandika majina ya watu wasiokuja. Mikutano miwili kwa juma, kila mmoja wa saa mbili, yatosha kwa mwanzo.

Pili, saa hizo zigawanywe sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza wazazi wakae upande wao na mwalimu wao, na watoto wakae upande mwingine na mwalimu wa pili, au kijana aliyemaliza shule, wakisoma hadithi na kucheza michezo ya herufi. Sehemu ya pili ni ya wote pamoja, kila mzazi na mtoto wake. Ya tatu ni fupi: mwalimu aeleze kazi ndogo ya kufanywa nyumbani mpaka mkutano ujao, kama vile kuandika majina ya watu wote wa nyumba, au kusoma tarehe katika kalenda kila asubuhi.

Tatu, apatikane mtu wa kuwaangalia watoto wachanga. Jambo hili laonekana dogo, lakini mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa kumshika mkono hawezi kushika kalamu, na baada ya majuma mawili hatarudi tena.

Nne, lugha. Kule ambako watu hawasemi Kiswahili nyumbani, yafaa kuanza na lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili kifuate. Mtu hujifunza upesi kusoma neno ambalo sauti yake ameijua tangu utoto.

Tano, maneno ya kwanza yawe yenye kazi. Kwa wanaosoma Kiswahili, mwalimu aweza kuchukua neno "kalamu", akaligawa: ka, la, mu. Kisha neno "mama": ma, ma. Kwa vipande hivyo wanafunzi wenyewe wataunda "kaka", "lala" na "kama" kabla hawajafundishwa. Mtu mzima aliyeunda neno kwa akili yake siku ya kwanza hurudi siku ya pili. Baadaye yaje maneno ya kadi ya kliniki, ya bahasha ya dawa, ya mfuko wa mbolea na ya karatasi ya kilo. Akina baba, ambao mara nyingi huona haya kuja, huvutwa zaidi na hesabu za mazao na za fedha.

JAMBO KUBWA NI HESHIMA

Sasa twafika kwenye lile jambo liwezalo kuvunja kazi yote. Mtoto hujifunza herufi upesi kuliko mzazi. Wakiketi pamoja, na mzazi akasoma vibaya, na mtoto akacheka au akamsahihisha mbele ya watu, mzazi huyo hatasema neno. Atajifunga nguo yake vizuri, atakwenda zake, na hamtamwona tena. Tena mtoto atarudi nyumbani akiwa amejifunza jambo lisilofaa, yaani ya kuwa baba yake au mama yake ni mjinga.

Kwa hiyo sehemu ya pamoja haifai kuwa mahali pa mtoto kumfundisha mzazi herufi. Herufi mzazi huzisoma upande wake, miongoni mwa watu wa rika lake, ambako akikosea hukosea pamoja na wenzake. Wakiwa pamoja na watoto, mzazi na atangulie kwa jambo analolijua. Anajua hadithi za wazee, vitendawili, majina ya miti na kazi zake, ukoo wa nyumba yake, na habari za mwaka wa njaa. Basi asimulie, na mtoto aandike. Kisha mwalimu awasaidie kuyasoma yale yaliyoandikwa. Mzazi atayasoma kwa wepesi, kwa sababu ni maneno ya kinywa chake, na mtoto atatambua ya kuwa mambo ya kujaza daftari yametoka kwa mzazi wake. Hapo mtoto ametoa mkono wake na mzazi ametoa maarifa yake, wala hapana aliye juu ya mwenzake.

Mwalimu naye na achunge ulimi wake. Awaite wanafunzi wazima kwa majina ya heshima kama waitwavyo kijijini: Mama Fulani, Baba Fulani, Mzee. Asiwagombeze kama watoto, wala asiwatangaze waliochelewa. Hata neno "ngumbaru", ijapokuwa limezoeleka, wengine huliona kuwa ni tusi. Si lazima kuliandika mlangoni. Kuliita darasa kwa jina la kijiji au la jamaa ni bora zaidi.

VITABU VYA KUSOMA

Wengine husema, "Tungeanza, lakini hatuna vitabu." Ni kweli ya kuwa vitabu vyahitajika, na palipo na maktaba ya umma yafaa kuomba msaada. Katika Garissa, mwaka wa 1996, ngamia walianza kubeba masanduku ya vitabu kutoka maktaba mpaka kwa wafugaji wasio na makao ya kudumu. Kama vitabu vyaweza kufika huko, vyaweza kufika mahali pengi.

Lakini kutokuwa na vitabu hakuzuii kuanza. Gazeti la zamani, kalenda ya dukani, pakiti ya chai, tangazo la chifu na ujumbe wa simu vyote ni vitu vya kusomwa. Zile hadithi za wazazi zilizoandikwa na watoto zikishonwa kwa uzi huwa kitabu cha kwanza cha darasa, na kitabu hicho hakipatikani katika duka lolote.

MAHALI PA KUANZIA

Darasa la kwanza lisiwe kubwa. Jamaa watano au sita, ubao mmoja, chaki, taa, na walimu wawili wenye saburi watosha. Mwalimu aandike katika daftari waliokuja na wasiokuja, na asiyekuja mara mbili aendewe nyumbani, si kwa kulaumiwa, bali kwa kujuliwa hali. Huenda mtoto ni mgonjwa. Huenda saa ni mbaya. Huenda kuna mtu aliyecheka. Sababu ikijulikana mapema, yaweza kurekebishwa.

Wala mtu asitazamie mambo makubwa baada ya mwezi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya muda mama ataishika bahasha ya dawa na kuisoma mwenyewe, na baba ataitazama ripoti ya shule, aone alama za hesabu, na kumwuliza mtoto wake kwa upole, "Hapa palikuwa na nini?" Mtoto aliyekuwa akisoma barua apendavyo atajua ya kuwa sasa yuko mwingine nyumbani anayeweza kuzisoma. Wengi wa watoto hao hawataudhika. Watafurahi kuwa mzigo ule wa kuwa macho ya nyumba nzima umechukuliwa na wenyewe wenye nyumba.