Baraka-Fizi: Kitanda cha mtoto kitengenezwe na mwenyewe akiwepo

Mjini Baraka, pembeni ya ziwa Tanganyika, fundi akileta mbao za kitanda nyumbani, neno la kwanza ambalo mtoto wa miaka mitano anasikia ni: «Toka hapa!» Anafukuzwa kwa sababu ya msumeno na misumari, na jioni anaonyeshwa kitanda ambacho tayari kimesimama. Usiku huohuo anarudi kwenye mkeka wa mama yake. Wazazi wengi wa hapa wanakijua kisa hicho, na wanasema mtoto ni mwoga tu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko woga. Mtoto anapokimbia kitanda chake, anakimbia pia chandarua chake. Wanalala watatu au wanne chini ya mustikere moja, mguu wa mmoja unagusa wavu, na mbu anauma akiwa nje. Watoto wa chini ya miaka 5 ndio malaria inaua zaidi katika Afrika, na mbu anayeileta anauma usiku. Kwa hiyo, swali la nani anakubali kulala wapi si mchezo, hasa katika mji wa pembeni ya maji kama Baraka.

Tukumbuke pia kwamba watoto wa Fizi wamezoea kuhamishwa bila kuulizwa. Kuanzia Oktoba 2005, familia zilizokuwa makambini Nyarugusu na Lugufu, Tanzania, zilipanda meli Kigoma na kushuka Baraka, zikaanza tena na mikeka na sufuria. Warundi walifika kambini Lusenda mwaka 2015, na wengine baadaye Mulongwe. Kisha ziwa lenyewe likapanda, mwaka 2020 na 2021, tena 2024, maji yakaingia katika nyumba za watu. Mara ngapi mtoto ameamka na kukuta chumba si kile cha jana! Kumuuliza kichwa cha kitanda kitazame upande gani ni kitu kidogo kwa mzazi, lakini kwake huenda ni mara ya kwanza kuulizwa.

Basi afanye nini? Kwanza apimwe. Alale chini kwenye mkeka, baba aweke alama ya chaki kichwani na miguuni, kisha mtoto ashike ncha moja ya kamba wakati fundi anashika nyingine. Fundi aongeze shibiri mbili au tatu, maana mtoto anakua, na mbao za kalitusi si za kununua kila mwaka. Halafu apewe kopo la misumari, atoe mmoja mmoja kila fundi anapoomba. Hapo anajifunza hata kuhesabu. Mbao zikiisha kupigwa randa, apewe kipande cha karatasi ya msasa, asugue miguu ya kitanda. Atasugua vibaya, sehemu moja itang'aa na nyingine itabaki na miba. Fundi apite nyuma yake bila kusema kitu. Msumeno, shoka na nyundo nzito vibaki mikononi mwa wakubwa.

Kazi hiyo inachelewesha fundi, ni kweli, na fundi anayelipwa kwa kitanda hapendi kuchelewa. Mzazi aongee naye mapema, au amwachie mtoto saa moja tu ya mwisho.

Jambo hili si geni. Zamani vijana wa Kibembe walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa kwenye lubunga. Kule Roma, mwaka 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto na kuagiza viti na meza za kimo chao, wavibebe wenyewe. Baadhi ya wanaomfuata leo wanaweka godoro la mtoto chini sakafuni. Hilo kwetu hapana. Sakafu ya udongo ina unyevu, na pembeni ya ziwa kitanda kinahitaji miguu mirefu, hata matofali chini yake.

Kabati na etajeri ni hatari nyingine. Mtoto anapanda kama ngazi, linamwangukia. Katika ukuta wa matofali mabichi msumari haushiki vizuri. Ni afadhali kufunga etajeri kwenye nguzo ya nyumba, na nguo zake ziwe chini, mahali mkono wake unafika.

Na tusichanganye: sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kunyonya watoto kwa kazi. Kushika kamba ya kitanda chako ni kitu kingine kabisa na kubeba mbao sokoni kutwa nzima.

Mwisho ni chandarua. Kikitoka kwenye mfuko, kianikwe kivulini siku moja, na mtoto akichunge kisichukuliwe; tunajua vyandarua vingapi vimeishia ziwani kuvua ndagala. Kesho yake mkubwa apige misumari minne juu, na mtoto afunge kamba. Mafundo yatalegea, mama atayafunga tena akiwa amelala. Jioni yeye mwenyewe achomeke pembe za chandarua chini ya matela, pande zote, na kama amesahau upande wa ukuta, aonyeshwe kwa taa, kisha azime taa mwenyewe.