Nani Atavaa Jezi ya Manjano? Utabiri wa Mbio za Wiki Tatu kwa Jicho la Tabibu

Kila ufikapo mwezi wa Julai, karatasi hubandikwa kwenye ukuta wa chumba chetu cha chai. Huandikwa majina ya waendesha baiskeli watano au sita, na kila aingiaye zamu hutia alama mbele ya yule anayemdhania kuwa mshindi wa Tour de France. Hakuna fedha inayowekwa. Atakayekosea hununua maandazi. Nimeyanunua maandazi hayo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba utabiri wa mbio hizi na ule tunaoufanya kando ya kitanda cha mgonjwa ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili huanza na vipimo, na vyote viwili huaibishwa na jambo ambalo halikupimwa.

Kwa asiyezifahamu, mbio hizi huchukua siku 23: hatua 21 za kukimbia na siku mbili za mapumziko, kwa kilomita zaidi ya 3,000 za barabara za Ufaransa na milima ya Alps na Pyrenees. Muda wa kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote huvaa jezi ya manjano. Mwaka 1989, Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu. LeMond alikuwa amepigwa risasi kwa bahati mbaya akiwa mawindoni mwaka 1987, na vipande vya risasi vilibaki mwilini mwake. Fignon, aliyeanza siku ya mwisho akiongoza kwa sekunde 50, alikuwa na kidonda pale mwili unapokutana na kiti cha baiskeli. Watabiri wengi waliangalia miguu ya watu hawa wawili. Ni wachache waliouliza habari za ngozi.

Hata hivyo tusidharau vipimo. Kipimo ambacho watabiri hukitazama kwanza ni nguvu ambayo mwendeshaji anaweza kuidumisha, kwa wati, ikigawanywa kwa kilo za uzito wake. Katika barabara tambarare adui mkubwa ni upepo, na mtu mzito mwenye nguvu nyingi hapati hasara. Mlimani adui ni uzito wenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alipopimwa mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6, na nguvu aliyoweza kuidumisha ilikuwa takribani wati 420. Alipopimwa tena mwaka 2015, nguvu ilikuwa wati 419, ila uzito ulikuwa kilo 69.9. Injini ilikuwa ile ile. Gari ndilo lililopungua uzito. Kwa hesabu, alitoka wati 5.6 kwa kila kilo hadi 6.0. Uwezo wake wa kutumia oksijeni ulikuwa mililita 84.6 kwa kilo kwa dakika, wakati kijana mwenye afya asiye mwanamichezo huwa na takribani 40.

Hapa naomba msomaji asiyekimbia mashindano asiichukue hesabu hiyo nyumbani. Hao hupunguza uzito wakisimamiwa na madaktari na wataalamu wa lishe, na bado wengi wao hukutwa na mifupa myepesi ya uti wa mgongo, kwa kuwa baiskeli haiupi mfupa mshindo unaouimarisha na chakula hakilingani daima na kazi. Kijana anayejinyima kula ili apande mlima vizuri, au msichana mwanamichezo ambaye hedhi yake imekoma, anahitaji kuonwa kliniki na si kupongezwa.

Kipimo cha siku moja, kwa vyovyote, hakisemi lolote kuhusu wiki ya tatu. Watafiti waliowapima waendeshaji wa Tour de France katika miaka ya 1980, kwa maji yenye atomi maalumu zinazofuatiliwa katika mkojo, walikuta kwamba mwili wao hutumia nishati mara nne hadi tano ya ile unayoitumia ukipumzika, siku baada ya siku. Kwa hiyo mbio hizi ni mashindano ya tumbo pia. Anayeweza kula akiwa juu ya baiskeli, akasaga chakula, akalala usiku na kuamka akiwa na hamu ya kula, ndiye mwenye nafasi. Damu nayo hubadilika: maji yake huongezeka, na asilimia ya chembe nyekundu hushuka kadiri wiki zinavyopita. Ndiyo maana asilimia isiyoshuka, au inayopanda, huwatia shaka wachunguzi wa dawa haramu. Tangu mwaka 2008 kila mwendeshaji wa daraja la juu ana kumbukumbu ya damu yake inayofuatiliwa mwaka hadi mwaka. Watabiri wa enzi za Lance Armstrong walikisia sawasawa mara saba mfululizo, kisha mwaka 2012 ushindi wote huo ukafutwa.

Halafu kuna ajali na maradhi. Mwezi Aprili 2024, Mdenmaki Jonas Vingegaard, mshindi wa 2022 na 2023, alianguka katika mbio za nchi ya Basque, akavunjika mtulinga na mbavu, na pafu lake likatoboka. Miezi mitatu baadaye alimaliza Tour wa pili. Mwaka uliotangulia mpinzani wake Mslovenia, Tadej Pogačar, ndiye aliyeingia mbioni akiwa ametoka kuvunjika kifundo cha mkono, naye akashindwa kwa zaidi ya dakika saba. Katika Giro d'Italia ya 2023, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda hatua ya tisa, akaivaa jezi ya kiongozi, na usiku ule ule akaondoka baada ya kukutwa na UVIKO. Biniam Girmay wa Eritrea, baada ya kushinda hatua ya Giro mwaka 2022, alipigwa jichoni na kizibo cha chupa ya mvinyo aliyokuwa akiifungua jukwaani, na safari yake ikaishia hapo. Nani angeandika kizibo katika orodha ya hatari? Mwaka 2024 Girmay alishinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani.

Nimrudie Froome, maana habari yake ndiyo inayonigusa zaidi. Hadi katikati ya mwaka 2011 jina lake halikuwamo katika orodha yoyote ya wanaotazamiwa. Siku moja angepanda mlima pamoja na walio bora. Siku ya pili angeachwa nyuma bila sababu inayoonekana. Mkataba wake ulikuwa ukielekea kwisha. Sehemu ya jibu ilikuwa katika damu yake: alikutwa na kichocho, akatibiwa kwa prazikwanteli, na alilazimika kuirudia tiba. Septemba 2011 alimaliza Vuelta a España wa pili, sekunde 13 nyuma ya mshindi. Miaka minane baadaye mshindi huyo alinyang'anywa taji kwa kosa la dawa, na Froome akatangazwa bingwa.

Siwezi kudai kwamba dawa ile pekee ndiyo iliyomfanya bingwa. Wati 420 zilikuwapo tangu 2007. Lakini tufikirie ni watu wangapi katika vijiji vya Ziwa Victoria, katika mashamba ya mpunga, Pemba na Unguja, ambao hawana timu wala mpima damu. Viluwiluwi vya minyoo hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya anayeoga au kulima majini, na minyoo iliyokomaa huishi katika mishipa ya damu kwa miaka. Mtoto hupungukiwa damu, huchoka, husinzia darasani, naye huitwa mvivu. Swali la mahali anapooga na kuchota maji huchukua nusu dakika. Kipimo cha mkojo au cha choo si ghali, na dozi ya kawaida, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa siku moja. Anayerudi katika maji yale yale huweza kuambukizwa tena, kwa hiyo apimwe tena.

Mwaka huu tena karatasi itabandikwa. Pogačar, aliyeshinda 2020, 2021, 2024 na 2025, na ambaye Septemba 2025 alitwaa ubingwa wa dunia katika vilima vya Kigali, ndiye nitakayemtilia alama. Nitaitia kwa penseli.